Acheni Kutuambia Tuanze na Gurudumu

Msimu wa shoo ukikaribia tu, simu yangu inajaa video za aina moja. Msee amesimama kwa geti la maonyesho, miwani usoni, anahesabu kwa vidole. Namba moja, panda gurudumu kubwa. Namba mbili, gari za kugongana. Namba tatu, hema la mazingaombwe. Namba nne, nyama choma. Namba tano, ngoja giza liingie, taa ziwake, ndio upige picha za maana. Watu wanalaiki, wanawatumia marafiki zao, na wikendi inayofuata vijana wa huku kwetu Manyatta wanapanda mathree na hiyo listi kichwani kama ni Amri Kumi.

Hiyo listi ni mbaya. Si mbaya ati kiasi, ni mbaya kutoka namba moja hadi namba tano, na hiyo namba tano inaweza kukuua. Nitafika huko.

Kwanza tuelewane tunaongea kuhusu nini. Huku Embu hatuna paki za raha za kudumu, zile za mtu kuamua Jumamosi asubuhi akiwa kitandani kwamba leo naenda kuzungushwa. Nairobi wako na Two Rivers tangu 2017, na gurudumu lao wakalipa na jina kabisa, Eye of Kenya. Mombasa wako na Wild Waters pale Nyali. Sisi mashine zinatufuata. Zinakuja kwa lori zimekunjwa kama viti vya harusi, zinafungwa bolti, zinazunguka siku chache, zinafunguliwa, zinaenda. Na mahali zinakuja ni shoo ya ASK. Kwa sisi wa huu upande wa mlima, iliyo kubwa ni ile ya Meru, pale Gitoro. Wenye nguo na nauli wanaenda mpaka Jamhuri Park, Nairobi.

Hiyo ASK imeanza 1901, miaka 19 kabla hii nchi kuitwa Koloni la Kenya. Walowezi walikuwa wanataka kuonyeshana ng'ombe na mahindi. Sisi tumeirithi, tukaongeza bembea, maskari, vyuo, benki, wauza mabeseni na muziki wa kupasua masikio. Kwa hivyo ukifika kwa geti hauingii mahali pa kitu kimoja. Kuna vitu mia, siku moja, na mfuko mmoja. Lazima uchague, na hapo ndipo hawa wasee wa video wanatupotosha.

Hebu tupige hesabu ya mtu wa Manyatta, si ya mtu wa Kilimani. Unaamka saa kumi usiku. Saa kumi na moja alfajiri uko kwa steji, unashuka Embu mjini, unabadilisha gari, Runyenjes, Chuka, Nkubu, Meru. Mambo yakienda sawa saa tatu asubuhi umeshakatiwa tiketi ya geti. Na ili ufike nyumbani kabla mamako hajaanza kupigia marafiki zako wote, lazima utoke saa kumi jioni. Hapo una masaa saba, dakika 420. Toa saa moja ya kula na foleni ya choo. Toa nyingine ya kutembea na kumtafuta yule msee wa kundi ambaye lazima apotee na simu yake lazima iwe imezima. Unabaki na dakika 300.

Sasa weka gurudumu namba moja. Mimi nimewahi kusimama kando ya gurudumu moja, sitataja la nani, nikahesabu. Lina vikapu 10, kila kikapu watu wawili. Watu hawapandi wote mara moja, linasimama kikapu kwa kikapu, huyu anashuka na huyu anapanda, na huyu wa kupanda ana mtoto, viatu, mkoba na soda. Nusu dakika kila kikapu, hiyo ni dakika 5. Halafu linazunguka dakika 3. Kwa hivyo kila dakika 8 linameza watu 20. Kama kuna watu 100 mbele yako, utasimama dakika 40 juani ndio ukae juu dakika 3. Kando yake kulikuwa na zile bembea za minyororo, viti 24, wote wanaketi pamoja na wote wanashuka pamoja. Dakika 2 za kupanda, dakika 3 za kuruka. Watu wale wale 100, dakika 20. Nusu ya foleni, na huko juu unapaa kwelikweli, si kukaa kwa kikapu ukiangalia paa za hema.

Hii ndiyo maana nasema urefu wa foleni haukuambii kitu ni kizuri. Unakuambia kitu kinaenda polepole. Lakini sisi tukiona laini ndefu tunaingia kwanza, ndio tuulize baadaye ni ya nini. Huo ugonjwa tumeutoa kwa maduka ya ofa.

Na msidhani ni ushamba wa huku. Wazungu wenyewe wamelizwa na foleni. Disney walileta karatasi yao ya FastPass mwaka 1999: unachukua tiketi ya saa fulani, unaenda kuzunguka, unarudi saa yako ikifika. Ilikuwa bure. Kufika 2021 wakaitoa, wakaleta ya kulipia. Yaani walikaa miaka 22 wakagundua kwamba watu wako tayari kununua ruhusa ya kutosimama. Sisi hapa yule kijana wa mlangoni anashikishwa mbao mbili anafungua kamba, hata programu ya simu haihitaji. Lakini kanuni ni ile ile: foleni ndefu inamfaa mwenye mashine, haikufai wewe. Ikiwa unampa pesa, usimpe na siku nzima juu yake.

Sasa mimi nachagua vipi? Kwa swali moja tu, na halihusu kitu gani ni kikubwa. Nauliza: hiki kitu kina saa yake, ama kipo siku nzima? Gurudumu lipo siku nzima. Gari za kugongana zipo siku nzima. Beseni, hema la nyoka, miwa, yote ipo siku nzima. Lakini pale uwanja wa katikati mambo yanapita mara moja, yakipita yamepita. Gwaride la mifugo halirudiwi kwa sababu wewe ulikuwa kwa foleni. Mbwa wa polisi wakishamkamata yule "mwizi" aliyevaa mkono mnene wa magunia, wamemaliza, wanarudi kwa gari kunywa maji. Bendi haipigi tena kwa ajili yako. Wanasarakasi wakishajenga ile minara yao ya watu na kushuka, wameshuka. Kwa hivyo kitu cha kwanza unachofanya ukiingia ni kutafuta ratiba ya uwanja. Piga picha ya ratiba kabla ya kupiga picha ya uso wako. Ukikosa mahali imebandikwa, tafuta mtu mwenye beji, mwambie "Shikamoo mzee, ng'ombe wanatoka saa ngapi?" Atakuambia. Wazee wa beji wanapenda sana kuulizwa.

Naona komenti zinakuja. "Buda, nani ako na shughuli na ng'ombe, ng'ombe ako kwetu." Sikiza. Ng'ombe wa kwenu ni ng'ombe wa kwenu. Mimi nimeona fahali ameingia uwanjani, mgongo kama meza ya ofisi, ameoshwa mpaka anang'aa, amefungwa utepe, na anayemshika ni kijana wa rika langu, koti jeupe, hatetemeki. Fahali anamfuata kama mtoto anayepelekwa shule. Watu wa jukwaani walinyamaza. Hakuna gurudumu limewahi kuninyamazisha. Na hiyo iko ndani ya pesa ya geti, hauongezi hata ashu.

Hapo ndipo naudhika zaidi. Vitu vikali vya shoo vimeshalipiwa ukikata tiketi, lakini hakuna anayekuambia, kwa sababu hakuna anayepata pesa ukikaa pale jukwaani. Watu wanaingia, wanavuka uwanja wakiwa wameupa mgongo, wanaenda kulipia tena. Tuseme umetoka nyumbani na thao. Nauli ya kwenda na kurudi usiiguse, iweke kwa soksi. Kinachobaki kikiingia kwa mashine tatu na hema moja la uongo, kufika saa saba mchana umesota, unazunguka ukiangalia wengine wakila.

Kuhusu hayo mahema ya uongo, lazima niseme kitu. Kuna lile la mtu nusu binadamu nusu nyoka. Nje kuna mchoro mkubwa na spika inayolia. Unatoa finje yako, unaingia, unaona kichwa cha dada mwenye usingizi kimetokezea mahali, na chini yake kitu cha kutambaa ambacho hata mtoto wa gredi ya tatu anajua ni kitambaa. Dakika moja umetoka. Na ujanja wote wa ile biashara uko hapo mlangoni: anayetoka hasemi. Anaona aibu. Anacheka kidogo, anamwambia rafiki yake "ingia ujionee." Hema zima linaishi kwa aibu ya wateja wake. Heshima kwa aliyelibuni, kusema ukweli, lakini finje yangu hatapata tena bila mimi kuwaambia nyinyi bure hapa.

Upande wa pili kuna walimu. Hawa nao sijawasahau. Mwalimu analeta watoto 60 kwa basi la shule, sare zote, daftari mkononi, kutoka stendi hadi stendi wakinakili maneno ya mabango. "Andika. Andika. Twende." Bembea ni marufuku, uwanja hakuna muda, ni kuandika tu. Mtoto anarudi na vipeperushi 40 vya benki na bima, hajui hata kimoja kinasema nini. Halafu wanashangaa kwa nini akikua akija peke yake anakimbilia gurudumu. Mlimnyima, mlitegemea nini?

Na wanaosema mashine zimeharibu shoo, ati zamani ilikuwa ya kilimo tu, wajue hivi vitu vilizaliwa pamoja. Gurudumu la kwanza kubwa kabisa lilijengwa na George Ferris kwa maonyesho ya dunia ya Chicago, 1893. Yalikuwa maonyesho kama haya yetu, mashine, mazao, bidhaa za kila nchi. Lilikuwa na urefu wa karibu mita 80, vyumba 36, na ulilipa senti 50 ukazungushwa mara mbili. Miaka minane kabla ASK haijazaliwa. Kwa hivyo sina vita na gurudumu. Gurudumu ni raha. Vita yangu ni kuliweka asubuhi, saa ambayo mambo ya bure na ya mara moja ndiyo yanafanyika.

Mbona nisiseme pia kuhusu stendi? Stendi nyingi pita tu. Ya benki, chukua kalamu, sema asante, ondoka. Ya mtu anayekuahidi kazi ya ng'ambo ama nafasi jeshini ukilipa "fomu," kimbia kabisa, na kama una nguvu mwambie polisi, wako hapo hapo wamejaa. Lakini chagua moja ama mbili ambazo unataka kutoka na kitu kichwani, na uende saa ambayo watu wote wameenda kula. Hiyo ni siri yangu nawapea. Saa saba mchana yule mtaalamu hana mtu. Asubuhi alikuwa anapigia kelele watoto 60 wa daftari. Saa saba ameketi, anakunywa chai, na ukimuuliza swali la kweli anakujibu kama mtu anayeongea na mpwa wake.

Mimi hivyo ndivyo nilivyojifunza kubebesha avokado. Niliacha kampasi mwaka wa pili, karo ilikataa, hiyo ni story ya siku nyingine. Siku hiyo nilikaa na mama mmoja wa stendi ya miche dakika 45, ule muda wengine walikuwa kwa gurudumu. Akanionyesha: unachukua mche wa kienyeji shina likiwa nene kama penseli, unachagua kikonyo cha Hass kinacholingana naye unene, unakichonga kama kabari, unapasua shina, unakipachika, na ile ngozi ya kijani chini ya ganda lazima igusane angalau upande mmoja. Isipogusana umepanda kijiti. Halafu unafunga na plastiki bila huruma. Akanipa kisu nikajaribu mbele yake. Leo miche hiyo ndiyo inalipa bando ninayotumia kuwasumbua hapa. Hakulipisha hata shilingi.

Sijasema kila mtu aende kwa miche. Binamu yangu, mtoto wa anti, alichuna majani chai likizo nzima akaweka pesa ya kwenda Gitoro. Nilimwambia achague mwenyewe. Akachagua mbwa wa polisi, bembea za minyororo mara mbili, na stendi moja ya chuo cha uuguzi ambapo aliuliza gredi zinazotakiwa mpaka wakamchoka. Gurudumu hakulipanda, aliliangalia akasema "hiyo foleni ni ya watu wa Meru mjini, wanaweza kurudi kesho." Ana miaka 17. Ana akili kuliko video zote nilizoona msimu huu.

Kwa sababu hiyo ndiyo kitu haiandikwi kwa listi: anayeiandika analala wapi. Na sasa tufike namba tano, ile ya kungoja taa.

Ni kweli shoo usiku inapendeza. Taa zinawaka, mashine zinakuwa kama za filamu, picha zinatoka safi. Lakini anayekwambia ungoje ana gari kwa maegesho, ama ana chumba mjini. Wewe uko na mathree. Ukitoka saa kumi jioni, unapita daraja la Nithi kukiwa bado kweupe. Ukingoja taa mpaka saa moja, ukipata gari saa mbili, unashuka ule mteremko gizani, na dereva ambaye tangu alfajiri anabeba watu wa shoo, anataka tripu moja zaidi. Mnajua Nithi. Sisi wote wa hii barabara tunaijua. Julai 2022 basi lilitumbukia pale, zaidi ya watu 30 wakafa. Sikumbushi hii ndio niwatishe. Kila nikiona mtu ameandika "usitoke kabla taa hazijawaka" bila neno lingine, nashangaa kama amewahi kupita hiyo barabara hata mara moja.

Wengine watasema nimeua raha, kwamba siku ya shoo si siku ya hesabu. Lakini angalia kundi lililoingia na listi ya gurudumu. Saa nane mchana wamekaa chini ya mti, wamechomwa na jua, pesa imeisha, wamepanda vitu viwili, mmoja ametapika, na wanasikia makofi kutoka uwanjani lakini hawajui ni ya nini. Wao ndio wamejibamba? Na wale wa ratiba saa hiyo wametoka jukwaani, wamekula, wanaanza mashine na foleni imepungua kwa sababu kila mtu amechoka. Kutoka saa nane hadi saa kumi ni dakika 120. Zinatosha bembea, zinatosha gari za kugongana, na foleni ikikubali zinatosha hata hilo gurudumu lenu. Ukifika, hesabu vikapu, hesabu vichwa, piga hesabu kabla ya kutoa pesa. Angalia pia kama kuna mtu anakagua pini ya kikapu kabla hakijapaa. Kama hakuna, rudisha pesa yako mfukoni, hata kama umesimama nusu saa.

Kwa wenzangu wa kontenti nina ombi moja, na ndio, nawaongelesha nyinyi mnaojijua. Mkiposti listi ya shoo msimu huu, andikeni juu kabisa mlikuja na nini, mlikuwa na pesa ngapi na mlilala wapi. Halafu ndio muweke gurudumu mnapotaka. Yangu ni hii: nilikuja na mathree, nilikuwa na thao na mia mbili, nililala Manyatta, na kufika saa mbili usiku nilikuwa nimeshaoga.